Mwaka Mama Alipoondoka Kota

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu hainipiti bila kunisimamisha. Sizungumzii ile ya kopo inayouzwa madukani siku hizi. Nazungumzia ile aliyoipika mama yangu mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati polishi ya dukani, kama sabuni na sukari na viberiti, ilikuwa imebaki kuwa habari ya kusimuliwa. Aliyeyusha vipande vya mishumaa kwenye kopo la maziwa, akamimina mafuta ya taa, akakoroga pamoja na unga mwekundu wa rangi alioupata kwa fundi wa kujenga. Kila Jumamosi asubuhi tulipiga magoti, mimi na yeye, tukasugua sakafu ya saruji kuanzia chumbani kwake na baba hadi kizingiti cha mbele, kisha tukaing'arisha kwa matambara ya blanketi kuukuu. Ikifika saa sita, sakafu iling'aa kiasi cha mtu kujionea meno. Ikifika saa kumi, vumbi la Shinyanga lilikuwa limeshapenya chini ya mlango na kuifunika yote. Mama aliitazama tu. Jumamosi iliyofuata tulipiga magoti tena.

Tuliishi kwenye kota za serikali, pembezoni mwa mji, pale nyumba zilipoishia na mashamba ya pamba yakaanza. Zilikuwa nyumba kumi na mbili, sita upande huu na sita upande ule, zimetazamana kama watu wasiokuwa na la kuambiana. Zote zilikuwa na milango ya kijani, ua wa minyaa na bomba la maji nyuma ya jiko. Watu wa mjini walituonea wivu, na walikuwa na haki, kwa sababu wao walipanga ndoo kisimani nasi tulifungulia maji, wao waliwasha koroboi nasi tulibonyeza swichi. Baba yangu, Saidi, alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye vidole vilivyotiwa wino, na sijapata kumsikia akimpandishia mama sauti hata mara moja. Saa nane na nusu ofisi ilifungwa. Saa tisa kasoro robo kengele ya baiskeli yake ililia mara mbili langoni. Alikula, akajinyoosha, akaamka kunywa chai ya saa kumi huku akisoma gazeti, akasikiliza taarifa ya habari, akala tena, akalala. Mtu angeweza kurekebisha saa yake kwa kumtazama.

Mama alikuwa wa namna nyingine, ingawa kwa miaka mingi sikulijua hilo. Alizaliwa Tinde, pale njia panda, ambapo malori ya kila upande husimama kupumua. Mama yake, bibi yetu, alikuwa na hoteli ya chai kando ya barabara, na mama alikulia humo, akiwabebea madereva vikombe tangu hajafikisha miaka minane, akijua nani hupenda tangawizi, nani anakimbia mke, nani ana mzigo anaouficha. Alipofika miaka ishirini, baba alipita Tinde na wapima ardhi, akanywa chai, akarudi kesho yake kunywa nyingine, na mwezi haukwisha kabla ya kupeleka posa. Akamtoa kwenye moshi wa kuni akamweka kota. Mke wa afisa hauzi maandazi. Hilo baba hakulitamka kwa ukali, alilitamka kama mtu anayetoa zawadi. Basi mama alifuma vitambaa. Alifuma vya viti, vya meza, vya redio, vya mtungi, na vilipokwisha vya kufunikwa alivifumua akafuma upya. Mwaka ninaousimulia alikuwa amefikisha arobaini. Kaka yangu Idi alikuwa shule ya bweni Tabora, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu Mwanaidi alikuwa na sita. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini hata sisi tuliokuwa ndani hatukuwa tumeingia.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa la chai. Alasiri moja mama alimpelekea baba kikombe chake barazani, nami nikakiona kikipita mbele ya macho yangu: maji ya moto na maziwa, hakuna majani ya chai hata chembe. Kilikuwa cheupe kabisa. Baba alikipokea, akanywa taratibu mpaka chini huku akifunua kurasa, akasema, "Ahsante, Mama Idi." Mama alirudi jikoni akaniinamia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi umeona peke yako," akasema.

Kesho yake alifanya vilevile, na siku ya tatu pia, na baba akanywa na kushukuru. Kopo la majani lilikuwepo rafuni, limejaa hadi nusu. Siku ya nne mama akarudisha majani, nami nikadhani mambo hayo yameisha. Mtoto hufikiri jambo likiacha kuonekana limekwisha.

Wiki kadhaa baadaye, kiangazi kimekolea na malori yakisomba pamba kwenda jineri kuchambuliwa, shule zikiwa zimefungwa, mama aliamka asubuhi ya Jumanne akafua kila kilichoweza kufuliwa. Akapika chakula cha mchana mapema, akakifunika kwa kawa. Mwanaidi alikuwa akicheza kwa jirani yetu, Mama Kulwa, nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilipoingia ndani nikamkuta mama amevaa raba za Idi, amejifunga khanga kwa ukakamavu kama mtu anayekwenda shamba, na sufuria zake mbili kubwa, zile alizokuja nazo kutoka kwao, zimefungwa ndani ya blanketi. Nilidhani kuna msiba mahali.

"Zuhura," aliniambia, "baba yako akirudi mwambie nimekwenda Geita, machimboni. Mwambie sijagombana na mtu."

Nikamuuliza atarudi lini. Akatazama barabara, akaniambia chakula kiko chini ya kawa na Mwanaidi asile bila kunawa. Kisha akaweka mzigo kichwani akatoka. Nilimfuata mpaka mwisho wa minyaa. Lori lililotoka kushusha pamba lilikuwa limesimama pale, na mama yangu, ambaye miaka yote nilimjua kama mtu wa kupiga magoti na kukaa kwenye kigoda, akaweka mguu juu ya gurudumu, akashika ubao, akajirusha ndani kwa mkupuo mmoja kama kijana wa utingo. Nilishtuka kuliko kama angeanguka. Hakupunga mkono. Alikaa juu ya magunia matupu, akautazama upande lori linakoelekea, na vumbi likamfunika.

Kengele ya baiskeli ililia mara mbili kama kawaida. Nilimpa baba ujumbe neno kwa neno, nimesimama wima kama ninayesoma shairi darasani. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akayatamka yale maneno ya mwisho kwa midomo bila sauti: sijagombana na mtu. Alikaa kwenye kiti akiwa bado na vibanio vya baiskeli kwenye suruali, akakitazama chakula chini ya kawa bila kukifunua. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akikosa la kufanya saa tisa mchana. Mwishowe aliniuliza kama mama hakusema anarudi lini, na sauti aliyoniulizia ilikuwa ndogo, sauti ya mtoto mwenzangu. Sikuweza kuistahimili.

"Alisema Ijumaa," nikajibu.

Sijui niliipata wapi Ijumaa. Ilinitoka tu, nami nikaona uso wake ukirudiwa na damu, nikafurahi. Lakini Ijumaa ilipofika aliomba ruhusa kazini, akajipigia pasi mwenyewe kwa pasi ya mkaa na kuunguza kola ya shati, akaenda stendi. Alikaa huko tangu baada ya sala ya mchana hadi basi la mwisho lilipoingia. Akarudi na samaki aliyemnunulia mama, ameshaanza kunuka kwa joto, akamweka jikoni kwa uangalifu, akasema labda gari limeharibika njiani. Jumamosi alikwenda tena. Jumapili tena. Nilikuwa nikimtazama akitoka langoni na lile shati lenye kola iliyoungua. Njia ya mwongo ni fupi, waliosema walijua. Lakini hawakusema jinsi njia hiyo ilivyo ndefu kwa mtoto anayeitembea peke yake.

Kwa majirani baba naye alitunga la kwake. Aliwaambia mama amekwenda Tinde kumuuguza bibi. Wanawake wa kota walipokea habari hiyo kwa huruma, wakatuletea maboga na michembe ya viazi vikavu, na Mama Kulwa akawa anamwogesha Mwanaidi pamoja na mapacha wake. Ikapita wiki ya pili. Ndipo asubuhi moja bibi mwenyewe akashuka kwenye basi, mzima wa afya, na kikapu cha mayai, akaja mpaka uani kwetu akimwita binti yake kwa sauti iliyozoea kupita kelele za madereva. Alikuwa hajui lolote. Baba alitoka akasimama mlangoni, mdomo wazi. Na kabla hajasema neno, Mama Kulwa na wenzake wawili walikuwa wameshafika kumpa bibi pole ya ugonjwa, wakamuuliza anaendeleaje, na mbona amesafiri kabla hajapata nguvu.

Bibi aliwatazama. Kisha akamtazama baba, akanitazama mimi. Nilimwona akipiga hesabu kichwani kama anayeangalia meza ya wateja. Akashika kifua, akakohoa, akakohoa tena vizuri zaidi, akasema anamshukuru Mungu, homa imepungua.

Walipoondoka aliketi mkekani, akamwambia baba aseme, na baba akasema yote. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikumsikia bibi akilia wala kumlaani mtu. Aliuliza swali moja.

"Saidi, mwanangu ulimpa nini cha kufanya?"

Baba akaanza kuhesabu: nyumba ya serikali, maji, umeme, hajapata kumnyima nguo, hajapata kumnyanyulia mkono, hajapata kulala nje. Alisema kwa unyenyekevu, na kila alilosema lilikuwa kweli.

"Sikuuliza ulimpa nini," bibi akasema. "Nimeuliza ulimpa nini cha kufanya."

Nilichungulia. Baba alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha kiti, kimoja kati ya vile vya mama, anakitazama kama ndiyo kwanza anakiona.

Mama Kulwa alikuwa na kaka yake machimboni, na ni Mama Kulwa mwenyewe, baada ya kikohozi cha bibi kukosa wa kukiamini, aliyekuja kutuambia kwa upole kwamba mama ameonekana. Palikuwa na rashi mpya ya dhahabu porini mbele ya Geita, watu wanamiminika, na mama anapika huko. Baba akachukua likizo. Bibi alibaki na Mwanaidi, akashauri mimi niende pamoja na baba, kwa kuwa mtu mzima akimtazama mwanawe hawezi kuzungushazungusha maneno. Hakujua kwamba nilikuwa nikisafiri na Ijumaa yangu kifuani. Njia nzima niliwaza jambo moja: baba atamuuliza mama kwa nini hakurudi Ijumaa, na mama atasema, Ijumaa gani?

Tulikwenda kwa basi hadi Kahama, tukalala kwa rafiki yake wa ofisini, kesho yake tukapanda lori la magunia ya mahindi. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na msitu wa miombo ulisogea kutoka pande zote mbili mpaka matawi yakawa yanatuchapa. Lori lilipotushusha tuliongozana na wanaume wenye sululu na mabeseni, kwa miguu, karibu mwendo wa saa mbili. Machimbo hayakuonekana kwa mbali. Yalisikika kwanza: mlio wa chuma juu ya jiwe, kavu, usiokuwa na mapigo ya kueleweka, mamia ya nyundo kwa pamoja. Kisha miti ikakoma ghafla, na mbele yetu ardhi ilikuwa imepinduliwa kama tumbo la samaki. Udongo mwekundu, mweupe, wa kijivu. Vibanda vya nyasi na vya turubai vimebanana. Na mashimo, ambayo wenyewe waliyaita maduara, yenye midomo myembamba ambamo watu walizama kwa kamba wakatoka wakiwa weupe wa vumbi kuanzia nywele hadi kucha. Wanawake walikaa vikundi vikundi wakiponda mawe kwa vyuma. Baba alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Yeye aliyechora viwanja kwa rula maisha yake yote alikuwa amesimama mahali pasipokuwa na mstari ulionyooka hata mmoja.

Alimuuliza kijana aliyepita na ndoo kama anamfahamu mwanamke anayeitwa Mama Idi. Hakumfahamu. Baba akamweleza umbo lake, rangi yake, sufuria zake. Yule kijana akacheka, akasema, kumbe tunamtafuta Mayu Tinde, kwa nini hatukusema mapema; kila mtu pale anakula kwa Mayu Tinde. Hivyo ndivyo walivyomwita, mama wa Tinde, nusu Kisukuma nusu jina la kwao. Baba alilirudia jina hilo chinichini. Miaka yote alikuwa akimwita kwa jina la mtoto wake, na sasa hapa kulikuwa na watu mia, wageni, wenye jina la kwao la kumwitia.

Tulimwona kabla hajatuona. Alisimama nyuma ya mafiga matatu chini ya turubai, amevaa koti la mvua la kiume, mikono ya koti imekunjwa, anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia, na wakati huohuo anabishana na wanaume wanne kwa mpigo. Mmoja wao alisema kitu, na mama akacheka. Alicheka kwa kifua chote, kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda, amedhulumiwa, anatusubiri. Sikuwa nimejiandaa kumkuta anacheka. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na mmoja na sikuufahamu mlio huo.

Alipotuona, mwiko haukusimama. Alitutazama kwa kitambo, akamwambia baba karibu, habari za safari, akanivuta akanikumbatia kwa mkono mmoja, ananuka moshi na jasho. Akatuonyesha benchi, akatupa ugali na maharage, akaendelea kuhudumia. Baba alikaa kati ya wachimbaji wawili akala kama mteja. Alikuwa hajamaliza wakati kelele zilipokatika upande mmoja wa machimbo, nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine, na wanaume wakaja wamembeba mwenzao juu ya shuka. Jiwe lilikuwa limemwangukia chini ya duara. Vumbi lilikuwa bado kwenye kope zake, na kope hazikupepesa. Nilikuwa sijapata kuona maiti. Mama alitoka nyuma ya mafiga, akamfumba macho kwa vidole vyake, akafungua khanga aliyojifunga juu ya koti akamfunika, akauliza kwao ni wapi na nani wa kupeleka habari. Akapanga watu. Kisha akanawa mikono, akarudi kwenye sufuria, kwa sababu wale wengine walikuwa hawajala tangu asubuhi. Baba alimtazama muda wote huo, na sidhani alikuwa akimtazama yule marehemu hata kidogo.

Jioni, wateja walipopungua, waliketi wote wawili kwenye benchi na mimi kwenye gunia la mkaa. Baba alisema aliyokuja kuyasema. Alimwomba arudi. Alisema hana hasira, hatauliza kitu, nyumba iko kama alivyoiacha. Mama akasema ndiyo maana hasa harudi. Baba akauliza atawezaje kukaa mahali ambapo watu wanakufa wakati wengine wanakula.

"Hapa nikipika, mtu anakula kama ndiyo mara ya mwisho," mama alijibu. "Na kuna ambao huwa ndiyo. Wewe nilikupa maji ya maziwa siku tatu bila majani, ukanywa, ukaniambia ahsante."

Baba akasema, "Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona hayana majani. Nikajua yamekwisha na umekosa pa kuyapata, kama kila mtu. Sikutaka kukuaibisha mbele ya mtoto. Nilizunguka mji mzima ile wiki nikitafuta hata robo, sikupata."

Sikuwahi kuona uso wa mama ukibadilika namna ile, kabla wala baadaye. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyefika mwisho wa safari akaambiwa barabara ile siyo. Nami nilikuwa nikilijua lile kopo lililojaa hadi nusu, nikatazama chini. Watu wawili walikuwa wamekaa nyumba moja, mmoja akisema nitazame, mwingine akimtazama kwa upendo na kufumba mdomo, na wote wawili wakalala na njaa.

Ningetaka kusema kwamba waliangukiana pale. Haikuwa hivyo. Baba, ambaye sasa maneno yalikuwa yamempanda, alisema jambo moja tu limemuuma kuliko mengine yote. La kuondoka ameweza kulimeza. "Lakini ulisema utarudi Ijumaa. Nilikaa stendi siku tatu."

Mama aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimeshika gunia kwa mikono miwili, na nadhani kila kitu kilikuwa kimeandikwa usoni mwangu. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha akamgeukia baba.

"Nilisema," akasema. "Nikashindwa. Kwa hilo nisamehe."

Lilikuwa ndilo jambo la pekee alilomwomba msamaha, na hakulitenda. Nililala kando yake usiku ule juu ya magunia, na hakuniuliza chochote. Asubuhi alinisuka nywele haraka, akanipa michembe na karanga za njiani, akaniambia nisije nikabeba tena mzigo wa mtu mzima. Ukiwa mzito, niuweke chini niseme ni mzito. Akabaki. Tulipofika kwenye miti niligeuka nikamwona ameinama anapuliza moto.

Mvua zilipoanza, maduara yalijaa maji, na rashi ikahamia kwingine kama nzige. Mama hakuhama nayo. Alirudi, lakini hakurudi kota. Alishuka Tinde, kwenye hoteli ya bibi, akabandika zile sufuria mbili kwenye mafiga ya zamani. Baba alimfuata Ijumaa moja baada ya kazi, akarudi Jumapili jioni. Ijumaa iliyofuata akaenda tena. Kabla mwaka haujageuka alikabidhi funguo za nyumba ya serikali, jambo lililowafanya wenzake ofisini waamini amerogwa, akapanga chumba kimoja mjini kwa siku za kazi, na sisi watoto tukahamia Tinde na mama. Watu walisema sana. Afisa mzima anaishi kama mseja, mkewe anawauzia madereva chai! Baba aliwaacha waseme. Siku za mapumziko alivaa kanzu kuukuu akakaa meza ya pembeni, na nikamwona zaidi ya mara moja akionja chai yake, akinyanyua kichwa, akimwambia mama kwamba leo tangawizi imezidi. Mama alibisha. Walibishana kwa raha mpaka wateja wakaingilia. Waliishi hivyo hadi baba alipostaafu, na baada ya hapo hadi tulipomzika.

Sasa nimepita hamsini. Ninaishi pembezoni mwa Mwanza, katika mtaa wa nyumba nzuri zenye kuta ndefu kuliko minyaa yoyote, na mageti ambayo yanafunguka kwa kubonyezwa. Tuna vingi ambavyo wazazi wangu hawakuviota. Polishi hatupaki, tuna vigae. Lakini miaka kumi iliyopita, jioni moja, nilirudi kutoka kazini nikazima gari mbele ya geti langu mwenyewe, na sikuweza kushuka. Hakuna aliyenikosea. Mume wangu ni mtu mwema. Nilikaa pale nikizitazama taa za nyumba yangu, kila mtu katika chumba chake, nikashtuka kujiona ninatafuta kwa macho barabara kubwa iko upande gani. Nilikuwa nimemaliza miaka mingi nikidhani nimemsamehe mama. Kumbe nilikuwa sijamwelewa, na sasa nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Tofauti ya zama zetu naiona hapa. Mama hakuwa na maneno ya jambo lile, wala mtu wa kumwambia. Alikuwa na kikombe cheupe, na kisha miguu. Mimi nimesoma, ninayo maneno. Basi niliingia ndani, nikawaita wote sebuleni, nikamwambia mume wangu mbele ya watoto kwamba nimechoka na maisha haya, kwamba siyo kosa lake, na kwamba nikikaa kimya zaidi sijui nitafanya nini. Alishtuka. Akavua miwani, akakaa, akaniambia niseme tena polepole. Tulisema mengi jioni ile na miaka iliyofuata, na bado tunasema. Nilijiona nimefanya vizuri kuliko mama, nimekuwa mkweli, sikumwachia mtoto ujumbe wa kupeleka.

Lakini binti yangu mdogo, ambaye alikuwa na miaka kumi, aliniuliza pale pale, "Kwani mama, unaondoka?" Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutosema uongo, nikamjibu kwamba sijui. Hakulia. Alikusanya madaftari yake, akakiburuta kiti chake mpaka kwenye mlango wa mbele, akakiegemeza pale, akakaa, akaendelea na hesabu zake za shule mgongo ukiwa umeuziba mlango.